Je, mgonjwa wa saratani anayelia ameshindwa vita?

Swali

"Mama yangu ana miaka 58. Tunaishi Kisumu, ingawa nyumbani ni upande wa Ahero. Mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya titi la kushoto, wakasema ni steji ya 3. Ameanza kemo na amemaliza awamu ya pili. Tangu habari zitoke, kila mtu anamwambia apigane. Kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp ni 'wewe ni shujaa, usikubali kushindwa'. Kanisani pasta anasema adui ameshaanguka. Mwanzoni alifurahia. Sasa naona anaficha mambo. Akitapika anafunga mlango na kufungulia maji ili nisisikie. Usiku anagumia usingizini, asubuhi anasema haumwi. Juzi aliniuliza, 'Nikilia, ina maana nimeshindwa?' Sikuwa na jibu. Juu ya hayo, mjomba, kaka yake mkubwa, hataki apasuliwe. Anasema saratani ikiguswa na kisu inaamka, na anataja watu wa kijijini waliokufa baada ya upasuaji. Daktari anataka upasuaji baada ya kemo. Je, haya maneno ya vita yanamsaidia mama au yanamuumiza? Tumwambieje? Na mjomba nimjibu vipi bila kumkosea heshima?"

Jibu

Dada, pole kwa kuuguza. Naanza na jambo lisiloweza kusubiri hadi mwisho wa jibu. Mgonjwa wa kemo anayeficha dalili yuko hatarini kwa sababu moja mahususi, nayo ni homa. Dawa za kemo huua seli zinazogawanyika haraka, na chembe nyeupe za damu zinazozuia maambukizi huathirika pamoja nazo. Mara nyingi chembe hizo hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika siku hizo, joto la nyuzi 38 au zaidi ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama mwenyewe anasema yuko sawa. Huku kwetu kanda ya ziwa mtu akipata homa tunafikiria malaria kwanza: tunapita kwa kemisti, tunanunua dawa, tunangoja siku tatu tuone. Mama hana siku tatu. Maambukizi yakiingia kwenye damu wakati kinga iko chini yanaweza kumuua haraka sana.

Kwa hiyo nunua kipimajoto cha dijitali, cha kuweka kwapani kinatosha. Mpime asubuhi na jioni, na wakati wowote anapohisi baridi au kutetemeka, kisha andika namba na saa kwenye daftari. Usimpe parasetamoli kabla ya kupima, kwa kuwa itashusha joto na kuficha dalili huku maambukizi yakiendelea. Ikifika 38, mwende hospitali usiku huohuo, na neno lako la kwanza mapokezi liwe, "Anatumia kemo na ana homa." Kipimo cha malaria atafanyiwa hukohuko.

Nimetanguliza hilo kwa sababu linajibu nusu ya swali lako. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba yeye ni shujaa atasita kukuamsha saa nane usiku kukuambia anatetemeka. Hapo ndipo maneno mazuri ya watu wanaompenda yanapoweza kumdhuru mwilini, na si moyoni tu.

Ugonjwa ulio ndani ya mwili hauonekani. Ili tuuzungumzie, tunaazima lugha ya kitu tunachokijua: vita, safari, mzigo, mdudu, moto. Hiyo ndiyo sitiari, na hakuna anayeikwepa. Hata madaktari husema uvimbe ni "mkali", au kwamba seli "zimevamia" tezi. Shida ni kwamba picha ya namna hiyo huja na wahusika wake wote. Ukitaja vita, umeshamleta adui, silaha, askari, jasiri, mwoga, mshindi na mshindwa. Wewe na jamaa zako hamkukusudia kuwaleta wote hao. Mlitaka tu kumtia mama moyo. Lakini wakishaingia, mama ndiye anayewagawia nafasi. Kutapika anakuweka upande wa woga. Kulia anakuweka upande wa kushindwa. Swali alilokuuliza juzi halikutoka hewani, limetoka kwenye picha aliyopewa.

Sikiliza tunavyosema kuhusu magonjwa mengine. Malaria hukushika, kisha hukuachilia. Homa hupanda na kushuka. Kichwa hukuuma. Katika usemi huo wa kila siku mgonjwa ndiye anayetendwa, na aliyepona malaria hakuna anayemuuliza kama alipigana vya kutosha. Wala hatusikii kwenye matanga kwamba marehemu alikufa kwa taifodi kwa kukosa ujasiri. Saratani na ukimwi vilipata lugha ya vita kwa sehemu kubwa kupitia kampeni. Marekani, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya saratani mnamo Desemba 1971, na mpango huo ukajulikana kama vita dhidi ya saratani. Hapa Kenya, Novemba 1999 Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na miaka iliyofuata lugha ya mapambano ilijaa kwenye mabango, redioni na kwenye hotuba. Kwa serikali lugha hiyo ina kazi yake: hutafuta pesa, huunganisha wizara, huamsha nchi nzima. Ikishuka hadi kitandani kwa mtu mmoja, hufanya kazi nyingine kabisa.

Je, basi inamsaidia au inamuumiza? Inategemea mtu, na hata mtu yuleyule hubadilika. Elena Semino na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichunguza maandishi na mazungumzo ya wagonjwa wa saratani, walezi wao na wahudumu wa afya. Walikuta kwamba lugha ya vita humpa mmoja nguvu na kumvunja mwingine, na kwamba lugha ya safari, ambayo wengi huiona ya upole zaidi, nayo hufanya vivyo hivyo. Watafiti wengine wawili, David Hauser na Norbert Schwarz, walionyesha mwaka 2015 kwamba watu wakisoma habari za saratani zilizoandikwa kwa lugha ya adui na mapigano, nia yao ya kujinyima vitu vinavyoongeza hatari hupungua. Maana yake ni rahisi kuiona: vita hukufundisha kushambulia, haikufundishi kujizuia wala kupumzika. Na mgonjwa wa kemo sehemu kubwa ya kazi yake ni kupumzika, kula kidogo kidogo, na kusema mapema panapouma.

Kwa hiyo usikimbilie kupiga marufuku neno "pigana". Angalia linamfanya mama afanye nini. Likimwamsha asubuhi ya kliniki akavaa na kusema "twende," liache. Likimfanya afungulie maji ili usisikie akitapika, limeanza kumdhuru, na hapo ndipo mlipo sasa.

Kutapika kwenyewe hakuhitaji ujasiri, kunahitaji dawa. Zipo dawa za kuzuia kichefuchefu za kutolewa kabla ya dripu na za kwenda nazo nyumbani, na zisipomfaa hubadilishwa au kuongezwa nyingine. Daktari hawezi kubadilisha asichoambiwa. Kabla ya awamu ya tatu mwambie muuguzi alitapika mara ngapi, kuanzia siku ya ngapi, na kama maji yalikaa tumboni. Maumivu nayo yapewe namba, kuanzia 0 hadi 10. Usimuulize "unaumwa?" kwa sababu jibu la shujaa ni "hapana". Muulize, "Leo ni ngapi?" Namba haimwaibishi mtu. Ikikaa kwenye 4 au zaidi kwa siku mbili, pigia kliniki simu; ikiruka ghafla, usingoje siku mbili.

Na mkiambiwa siku moja atumie morfini ya maji, mkumbuke kwamba picha ya vita huifanya ionekane kama bendera nyeupe. Familia nyingi huikataa kwa sababu hiyo: "Akianza hiyo, basi tumekata tamaa." Morfini hutolewa kwa sababu ya ukali wa maumivu, si kwa sababu ya siku zilizobaki. Huanzwa kwa kiasi kidogo, kwa kawaida kila baada ya saa 4 ikiwa ni ile ya maji, na mtu anaweza kuitumia akiendelea na kemo, akapasuliwa, maumivu yakiisha akapunguziwa na kuachishwa. Hufunga choo karibu kwa kila mtu, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Uraibu ni nadra kwa anayeitumia kwa maumivu ya saratani na kufuata maelekezo. Mtu asiye na maumivu hulala, hula, na hufika kliniki akiwa na nguvu.

Sasa mjomba. Usimchukulie kama mtu wa zamani anayezuia matibabu. Ameona alichokiona. Katika kijiji chochote kuna aliyepasuliwa akafa baada ya miezi michache, na anayefuatanisha mambo mawili hayo hakosi akili. Kinachokosekana ni sehemu ya hadithi isiyoonekana kwa macho. Wengi wa watu hao walikaa na uvimbe mwaka mzima au zaidi kabla ya kwenda hospitali. Walipofika, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini au mapafu, na upasuaji ulifanywa kupunguza maumivu au kidonda, haukuweza tena kuondoa kila kitu. Wengine walifunguliwa, daktari akaona umeenea, akafunga. Na kuna kundi la tatu, ambalo ndilo linalosikitisha zaidi: waliopasuliwa vizuri, kidonda kikapona, wakaambiwa warudi kwa kemo, mionzi au vidonge, wakaona wamepona na hawakurudi. Seli zilizobaki, ndogo kiasi kwamba hakuna mkono wala jicho linaloziona, zikakua. Kijijini kilichoonekana ni kisu kwanza, kifo baadaye.

Hewa inayoingia mtu anapofunguliwa, ambayo wengine huilaumu, haiamshi saratani. Kisu hakiiamshi kwa namna anayoifikiria mjomba. Sindano ile ya kutoa kipande cha uvimbe kwa uchunguzi nayo watu huiogopa, lakini kwa saratani ya titi ni hatua isiyorukwa, maana bila hiyo daktari hajui kama uvimbe una vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazopokea homoni) au HER2, protini inayochochea seli kukua, na dawa huchaguliwa kulingana na majibu hayo. Kuna aina chache za saratani ambazo madaktari huepuka kuzichoma sindano kwa njia fulani, mfano ya korodani, na wanajua kuzipanga. Titi halimo humo. Nisimfiche mjomba jambo moja: ni kweli seli chache za saratani ya titi zinaweza kukaa kimya miaka mingi mwilini na kurudi baadaye. Ndiyo maana wanawake ambao uvimbe wao una vipokezi vya homoni hupewa vidonge vya kumeza kwa miaka 5 hadi 10 baada ya upasuaji. Lakini kuuacha uvimbe mahali pake hakuzifanyi seli hizo zilale; uvimbe wenyewe ndio unaoendelea kuzitoa.

Picha hii ya kitu kilicholala si ngeni kwetu, na si ya kutupwa tu. Ukanda huu umekaa muda mrefu na magonjwa yaliyosemwa kwa picha. Ukimwi ulipoanza kuenea, familia nyingi za Waluo ziliusoma kukonda kwa mgonjwa kama chira, matokeo ya kuvunja mwiko, na tiba ikawa manyasi, yaani dawa ya mitishamba ya kienyeji. Wengi walipoteza muda ambao baadaye ungetumika kupima na kuanza dawa. Hata hivyo chira ilikuwa na kitu ambacho neno la hospitali halikuwa nacho: ilimweka mgonjwa katikati ya jamaa zake, wakakaa pamoja kurekebisha kilichoharibika, badala ya kumnyooshea kidole peke yake. Dawa zilipopatikana, washauri walieleza kwamba askari wa mwili wamepungua na kwamba vidonge huvilaza virusi. Watu walielewa, wakameza. Lakini picha ikaleta kasoro yake: kilicholala, mbona nikilaze tena kesho? Wapo walioacha vidonge kwa sababu hiyo, ilhali virusi vilivyojificha ndani ya seli hurudi kwa wengi ndani ya wiki chache tu dawa zikikatizwa. Washauri wazuri hawakuitupa picha, waliirekebisha: kidonge cha leo kimevilaza hadi kesho, kesho vinahitaji kingine.

Mjomba naye mrekebishie picha yake, usimnyang'anye. Kama ni mtu wa shamba, nenda naye kwenye kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi na mtama. Anajua kwamba linaanza kudhuru chini ya udongo kabla halijachomoza. Anajua kwamba ukilingoja litoe maua na kupukutisha mbegu, mbegu hizo ndogo mno hukaa udongoni miaka na miaka. Na anajua kwamba ukiling'oa moja na msimu ujao yakachipuka mengine, hulaumu mkono uliong'oa. Upasuaji unaondoa gugu linaloonekana. Kemo kabla yake, mionzi na vidonge baada yake, vinashughulikia mbegu. Atakuelewa, tena huenda akaieleza kwa wengine vizuri kuliko wewe. Lakini ikomee hapo. Picha hii nayo ina mahali pabaya: mtu akianza kusema udongo wenyewe ndio mbovu, au kwamba shamba lilirogwa, mama ataisikia kama lawama juu ya mwili wake. Hapo iache, urudi kwenye maneno ya kawaida.

Kuhusu heshima, usimpinge mbele ya watu wala kwenye kikundi cha WhatsApp. Mfuate nyumbani. Anza na hofu yake: "Mjomba, naona unamwogopea dada yako, nami naogopa." Muulize kuhusu wale waliokufa, mmoja mmoja: uvimbe walikaa nao muda gani kabla ya kwenda? Baada ya kupasuliwa walirudi kliniki? Usimjibie. Kisha umwombe aandamane nanyi siku ya kupanga upasuaji, na amuulize daktari kwa mdomo wake, "Kisu hakitaiamsha?" Swali likitoka kwa mzee na jibu likaja mbele yake, limekwisha kwa namna ambayo wewe mtoto huwezi kulimaliza. Mpe pia kazi inayomfaa kaka mkubwa: kusimamia usafiri wa siku hiyo, kutafuta vijana wa kutoa damu, kukaa na mama jioni ya kwanza.

Kitu kingine nimekiona kwenye swali lako ulichokitaja kwa kupita. Neno steji. Kwetu steji ni mahali matatu inaposimama, na wengi wakisikia "steji ya 3" wanaona gari linaloelekea ya 4 na kushusha watu hapo. Hatua za saratani hazisomwi hivyo. Ni maelezo ya hali ilivyokutwa siku ya uchunguzi: ukubwa wa uvimbe, tezi zilizoguswa, na kama umefika viungo vya mbali. Ya 3 katika titi ina maana kwamba uvimbe ni mkubwa, au umegusa ngozi au ukuta wa kifua, au umeingia kwenye tezi kadhaa za kwapani au karibu na mtulinga, lakini haujaonekana kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Mara nyingi matibabu yake hulenga kuponya kabisa, na kemo kwanza, upasuaji baadaye ndio mpangilio wa kawaida, ili uvimbe upungue kabla ya kukatwa. Muulize daktari wazi: "Lengo letu ni kuponya au kudhibiti? Mtajuaje kwamba kemo inafanya kazi, na lini?" Mama awepo akisikia, kama anataka. Kama anaelewa Kidholuo vizuri zaidi, ombeni muuguzi aeleze kwa Kidholuo, kisha mama aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Hapo ndipo utajua ni picha gani imebaki kichwani.

Mkiacha vita mtashika nini? Wengine wataleta safari. Ina uzuri wake: safari haina mshindi, ina wenzako, ina vituo vya kupumzika. Lakini kwetu kuumaliza mwendo ni lugha ya mazishi. Maneno ya Paulo kwa Timotheo kuhusu kuvipiga vita vizuri na kuumaliza mwendo husomwa sana kwenye ibada za mazishi, na mgonjwa anayekaa kanisani kila Jumapili anajua husomewa nani. Mimi naona lugha ya kazi humfaa mtu ambaye ameishi kwa kazi, ya shamba, ya soko au ya ofisi: leo kuna kazi ya kunywa maji lita moja na nusu, kesho kazi ya kupimwa damu, keshokutwa hakuna kazi. Na mara nyingi hakuna picha inayohitajika. "Dripu ni kila baada ya wiki tatu, siku nne za kwanza ni ngumu, halafu unapata nafuu" ni sentensi tupu, na inatuliza kuliko ushujaa wote.

Lakini asichague mtu mwingine. Muulize mama jioni moja mkiwa wawili: "Mama, ukiufikiria huu ugonjwa, unauona kama nini?" Nyamaza. Akisema ni mzigo, ongeeni juu ya nani anaweza kushika upande wa pili. Akisema ni mgeni asiyetaka kuondoka, ongeeni hivyo. Akisema bado ni vita, sawa, ila mwambie kwamba askari hutoa taarifa, na yeye anakuficha taarifa.

Kwenye kikundi cha familia, andika wewe, usimwachie yeye kazi ya kusahihisha watu. Kitu kama hiki: "Asanteni kwa maombi yenu. Mama anatumia dawa kila baada ya wiki tatu na siku za kwanza huwa anachoka sana. Tunaomba msimuulize kama anashinda. Muulizeni amelala vipi. Mwenye mafua au kikohozi apige simu badala ya kuja. Anayetaka kusaidia alete uji wa wimbi au aje kufua Alhamisi." Watu wengi hurudia "pigana" kwa sababu hawajui waseme nini kingine. Ukiwapa maneno na kazi, wanashukuru.

Pasta umwendee kwa faragha. Hahitaji kuacha kuomba uponyaji. Mwombe tu, siku akimtembelea mama, asome Zaburi ya 6, ambapo mwombaji analowesha kitanda chake kwa machozi usiku kucha, na bado Mungu anamsikia. Mama akiyasikia hayo kutoka kwa pasta wake, ruhusa ya kulia itakuwa imetoka mahali anapopaheshimu.

Na sasa lile swali lake. Mjibu moja kwa moja: "Hapana, mama. Dawa inafanya kazi ukilia, na inafanya kazi usipolia." Si maneno ya kumbembeleza tu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1999 uliwafuatilia kwa angalau miaka mitano wanawake 578 waliokuwa na saratani ya titi ya hatua za mwanzo, na haukukuta kwamba wale wenye moyo wa kupigana waliishi zaidi. Moyo huo ni mzuri kama anao, ila si dawa, na kuukosa si kosa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliozama katika hali ya kukata tamaa kabisa, au katika sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo machozi yaacheni yatoke, lakini giza lisiloondoka litafutieni msaada.

Tofauti utaiona hivi. Huzuni ya kawaida huja na kupungua. Akija mjukuu, anatabasamu. Sonona hukaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi: hataki kula hata siku ambazo hana kichefuchefu, halali au haamki, hafurahii chochote, anasema yeye ni mzigo kwenu, anataka kuacha matibabu bila kueleza sababu. Akisema ni afadhali afe, muulize wazi kama amefikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, kunamfungulia mlango. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na mwende hospitali siku hiyo. Zaidi ya homa, mwende pia bila kungoja akikosa pumzi, akitoka damu isiyokoma, asipoweza kushika maji tumboni kwa siku nzima, au akipata maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo.

Kwa yale yasiyo ya dharura, yaani maumivu, kichefuchefu, huzuni na mazungumzo magumu ya familia, ombeni rufaa kwa huduma ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. Kisumu kuna hospisi, kituo cha huduma hiyo, Nakuru na Eldoret vilevile, na wahudumu wake wamezoea kukaa na wazee kama mjomba na kuwasikiliza hadi mwisho. Watu huamini hospisi ni ya anayekufa, wakafika wiki ya mwisho. Mgonjwa anayetibiwa kwa lengo la kupona anaruhusiwa kwenda tangu mwanzo, na si lazima kemo isimame. Muombe muuguzi wa kliniki awaandikie barua ya rufaa kabla ya awamu ya tatu.